Mchungaji wa Mizani

Watu wa kwetu wakitaka kumkumbuka Mchungaji huanza na sauti yake. Mimi huanza na vidole. Alikuwa akihesabu mizani ya mashairi kwa kugonga vidole pajani, na alifanya hivyo popote: kwenye foleni ya zahanati, mazishini, hata kanisani wakati mwinjilisti anasoma matangazo. Waumini waliomzoea walijua kwamba akianza kugonga, ubeti unazaliwa, na kwamba mahubiri ya siku hiyo yatakuwa mafupi sana au yatachelewa kuisha.

Mimi si muumini wa kanisa lake. Baba yangu alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, na bustani yetu ilipakana na nyumba ya Mchungaji, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Katikati palikuwa na ua wa mianzi tu, tena wenye matobo. Siku ya Idi alifika kwetu kabla ya shangazi zangu, na mama alikuwa akimtengea sahani yake ya pilau mapema ili wageni wasiimalize. Nilipoanza kufundisha Kiswahili sekondari akaanza kuniita Mwalimu, ingawa kwa umri ningeweza kuwa mwanawe, na akanipa kazi ambayo sikuiomba: kuyasikiliza mashairi yake kabla hayajatoka nje ya ua ule.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, Mwalimu. Kaa hapo. Usinisifu. Niambie pale ambapo hukuelewa."

Hilo la kuelewa lilikuwa ugonjwa wake. Aliwauliza watoto wa kipaimara kama wameelewa, akawauliza maharusi mbele ya madhabahu kama wameelewa walichoapa, na safari moja alimsimamisha mganga mkuu aliyekuja kuzungumza habari za chanjo akamwambia, "Daktari, rudia hapo. Mimi nimesoma na sijaelewa, sembuse bibi yangu pale nyuma." Bibi wa pale nyuma akaitikia kwa Kishambaa kwamba kweli hajaelewa, na ukumbi mzima ukacheka, daktari akiwemo.

Na mtu wa namna hiyo, ukimpa nakala ya katiba ya nchi, hawezi kuiacha ikae kabatini. Yake ilikaa juu ya meza, kando ya Biblia, imelegea jalada kwa kufunguliwa. Mzee mmoja wa kanisa, Mzee Kaniki, hakupendezwa. Alisema vitabu hivyo viwili havistahili kulala kitanda kimoja. Mchungaji akavishika, kimoja mkono huu, kingine mkono huu.

"Hiki ni cha Mlungu, Mungu wetu," alisema. "Hatuwezi kukirekebisha, kinaturekebisha chenyewe. Hiki kingine ni cha kwetu. Tulikiandika sisi, na kikitubana tunaweza kukaa chini tukakipanua. Dhambi iko wapi, mzee?"

Mzee Kaniki alinung'unika, lakini alikuwa mtu wa kusubiri zamu yake, na zamu yake ilifika. Maana Mchungaji huyu, aliyetaka tume huru ya uchaguzi, mgombea binafsi, na sheria itakayomgusa mkubwa kama inavyomgusa mkulima wa viazi, kwenye baraza lake la wazee alitawala kama zumbe, mtemi wa Washambaa wa zamani. Ajenda aliziandika yeye. Mjadala aliufunga yeye. Walipofika kuchagua katibu wa usharika, kura zilipigwa kwa karatasi, na Mchungaji akalivuta sanduku kwake aanze kuzihesabu.

"Mchungaji," Mzee Kaniki akasema polepole, "tume huru unaitaka Dodoma. Hapa je?"

Mwinjilisti aliyekuwapo ndiye aliyenisimulia. Anasema mvua ilikuwa inaanza kwenye bati, na Mchungaji akaiondoa mikono yake. Kisha akalisukuma lile sanduku hadi upande wa pili wa meza, akatoka nje, akasimama barazani hadi walipomaliza. Aliyechaguliwa hakuwa mtu aliyemtaka. Jioni ile alinijia uani uso umemwiva kwa aibu, akasema, "Leo nimerekebishwa, Mwalimu." Baada ya hapo hakuwahi kugusa sanduku la kura, na alikisimulia kisa hicho mwenyewe kwa watu, bila kukipunguza.

Hakuwahi kumwambia mtu ampigie nani kura. Msimu wa kampeni wagombea wa vyama vyote walipanda kwake kuomba baraka, maana kanisa lake lilikuwa na watu wengi. Aliwapa chai ya maziwa na mapeasi ya bustanini, akawasikiliza, na mwishoni akawauliza wote swali moja: "Ukishindwa, utakubali?" Nilikuwapo siku alipomuuliza kijana mmoja aliyevaa shati jipya la chama. Kijana alicheka, akadhani ni utani. Mchungaji hakucheka. Kijana akaweka kikombe chini.

"Nikishindwa kihalali, nitakubali."

"Vizuri. Basi uwe upande wangu kwenye hicho kihalali, utakaposhindwa na utakaposhinda."

Akambariki.

Kulikuwa na watu waliomwona mchokozi. Sikukuu moja ya mavuno alighani shairi lenye mistari hii:

*Shamba tulilolipanda, si la mtu peke yake,*
*Mlinzi tunayempenda, asidhani ni la kwake.*

Siku chache baadaye akaitwa na ofisa mmoja aliyekuwa anashughulika na mambo ya usalama. Mama yangu aliswali kwa wasiwasi siku hiyo. Wanawake wa kwaya walikaa kwenye ngazi za kanisa, hawaimbi, wanangoja tu. Mchungaji alirudi saa za mchana, amekunja uso kwelikweli, akapita katikati yao bila kusalimia, akaja moja kwa moja kwenye ua wetu.

"Wamekufanya nini?" nikamuuliza.

"Yule bwana aliniuliza mlinzi ni nani. Nikamwambia ni mlinzi yeyote wa shamba lolote. Akaniambia nilisome mbele yake. Nikalisoma. Akalichukua, akalisoma mwenyewe, kwa sauti, tena anaghani vizuri." Akagonga vidole pajani. "Halafu akaniambia, 'Mchungaji, mstari wa pili umezidi mizani.'"

Nikahesabu kwa vidole. *Mli-nzi tu-na-ye-m-pe-nda.* Nikasahau kuikata ile *m* ya mwanzo, nikapata nane. Nikarudia ipasavyo, nikapata tisa, na kipande hutaka nane.

"Umezidi, Mchungaji."

"Najua umezidi! Nimehesabu njia nzima!"

Hakulala vizuri hadi alipoutengeneza. Jumapili iliyofuata aliughani upya, na sasa ulikuwa hivi: *Mlinzi anayelinda, asidhani ni la kwake.* Mizani zilitimia, na maneno yakawa makali zaidi ya mwanzo, maana lile pendo lililokuwa linauregeza mstari lilikuwa limeondoka. Ofisa alihudhuria ibada siku hiyo, amekaa karibu na mlango. Baadaye walipeana mikono uwanjani kwa muda mrefu, kama mafundi wawili walioshirikiana kujenga nyumba.

Lakini jambo lililomtoa Mchungaji kwenye utani na kumtia kwenye mapambano ni kesi ya Mama Elieza.

Mama Elieza alikuwa mjane wa Malindi, ile ya milimani kwetu, muumini wa mtaa mmoja wa usharika ule. Mume wake alipofariki, shemeji zake walidai shamba, kwamba ni la ukoo na yeye si wa ukoo. Alishinda kwenye baraza la ardhi. Shemeji wakakata rufaa, na rufaa ikasikilizwa Tanga. Mchungaji alimsindikiza kila mara, isipokuwa siku ya hukumu, kwa sababu siku hiyo alikuwa kijiji cha Zirai kwa kazi ya kanisa na mvua ilikuwa imekata barabara. Mama Elieza akaenda peke yake. Wakili hakuwa naye. Alisimama, akasikiliza, hukumu ikasomwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, kama sheria ilivyokuwa wakati huo. Watu wakainuka. Akatoka nje na kumuuliza shemeji yake mkubwa, ambaye alikuwa amefika kidato cha nne, "Wamesemaje?"

"Umeshindwa, shemeji," akamjibu. "Pole."

Walipanda basi moja kurudi. Mama Elieza alifika Malindi, akafunga nguo na sufuria, akamkabidhi jirani mbuzi wake, akateremka Mombo, chini ya milima. Viazi vilikuwa bado ardhini.

Mchungaji aliporudi kutoka Zirai akakuta nyumba imefungwa. Jirani akamweleza. Hakuamini masikio yake, kwa kuwa ile kesi aliijua vizuri, na kesho yake akaenda Tanga kumuuliza karani.

"Yule mama?" karani akasema, anashangaa. "Alishinda yule. Rufaa ya shemeji zake ilitupwa. Hajaanza kupanda?"

Mimi nilikuwa na safari yangu ya Mombo siku ile alipokwenda kumtafuta, ndiyo maana niliyaona kwa macho. Tulishuka na masweta yetu ya Lushoto, tukayavua kabla gari halijamaliza kona za mwisho, joto la bondeni limetupiga usoni. Pale barabara kuu, mabasi ya Moshi yanaposimama, akina mama wanakimbilia madirishani na masinia ya matunda. Tulimwona miongoni mwao. Alikuwa amekonda. Sinia lake alilinyanyua juu kupita wenzake.

"Mapeasi ya Lushoto! Matamu, mama, matamu!"

Mchungaji akamwita. Akageuka, akatupa salamu, akapiga goti kidogo kwa heshima, sinia bado mikononi.

"Mama Elieza, ulishinda."

"Nilishinda nini, Baba?"

"Kesi. Shamba ni lako. Rufaa yao ilitupwa. Karani ameniambia kwa kinywa chake."

Abiria mmoja alikuwa amenyoosha mkono dirishani anataka mapeasi. Mama Elieza akamhudumia kwanza, akamrudishia chenji. Nadhani alihitaji kuishika kazi ile ili asianguke. Basi likaondoka, vumbi likatupita, ndipo akasema, "Mbona hawakuniambia?"

"Walikuambia," Mchungaji akasema. "Walikuambia kwa Kiingereza."

Mama Elieza alikaa chini pale pale ukingoni mwa barabara. Hakulia. Alicheka kidogo, kicheko kibaya, kisha akaanza kuyapanga mapeasi upya, makubwa chini, madogo juu. Wenzake wakamzunguka wakitaka kujua kuna msiba gani. Alipowaeleza, mmoja akapiga kigelegele, na wote wakafuata, kiasi kwamba makondakta waliacha kuita abiria wakaja kuuliza. Mapeasi yaliyobaki yaligawiwa bure, nami nikala moja kwa machozi.

Tulipanda naye. Baridi ilipoanza kuingia garini akatugeukia.

"Viazi vyangu kavuna nani?"

Alikuwa amevivuna shemeji mkubwa. Mchungaji alimwita mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na majirani, akamuuliza kwa nini alimdanganya mjane wa ndugu yake. Yule bwana akainamisha kichwa.

"Mimi nilielewa hivyo, Mchungaji. Kiingereza kile kilikuwa kigumu."

Watu wakaguna. Mama Elieza alirudishiwa shamba lake na viazi vyake siku ileile, na shemeji akayabeba magunia mwenyewe hadi stoo. Ila Mchungaji aliondoka pale akiwa na jambo linalomkereketa. Tulipokuwa tunatembea aliniambia, "Inawezekana ni mwongo. Inawezekana kweli hakuelewa. Mimi siwezi kujua, na hilo ndilo linaloniumiza. Hukumu ya nchi yetu imempa mwongo mahali pa kujificha na mjinga mahali pa kupotea."

Baada ya hapo hapakuwa na mkutano uliopona suala la lugha ya mahakama. Tume ya kukusanya maoni ya katiba ilipopita wilayani kwetu, watu walipanga mstari, kila mmoja na dakika zake chache. Wengine walisema habari za madini, za muungano, za mipaka ya misitu. Zamu ya Mchungaji ilipofika alitaka mambo yake yale ya siku zote, tume huru na sheria isiyo na mkubwa, halafu akasema la tatu ataliimba, kwa sababu akilisema atakasirika:

*Sheria ni kama njia, ya kupita watu wote,*
*Asiyeiona njia, atapitaje popote?*
*Muifungue sheria, tuisome sisi sote,*
*Neno la nchi ni letu, lisemwe tulielewe.*

Akina mama wa Malindi waliokuwa wamesimama nyuma wakaudaka mstari wa mwisho wakaurudia kwa sauti za kwaya. Mwenyekiti wa kikao aliomba utulivu, lakini niliona kalamu yake inafuata mapigo.

Katiba mpya haikuja. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi, na lilimuuma. Miaka ilipita, ule moto ukafifia, watu wakaanza kumwambia apumzike. Alikuwa na tabia ya kutokusamehe haraka, na kipindi hicho alikuwa mkali hata kwa wanakwaya waliochelewa mazoezi. Hata hivyo hakuacha. Aliandika magazetini. Alifundisha vijana wa kipaimara haki zao pamoja na amri kumi, na Mzee Kaniki, yule yule, akawa anakuja kukaa nyuma na kusikiliza.

Halafu siku moja, katikati ya wiki, tukiwa darasani, tulisikia kengele ya kanisa. Ililia bila kukoma. Kwetu kengele ya namna hiyo ni moto au kifo. Walimu tulitoka mbio na chaki mikononi, wakulima wakapanda kutoka mabondeni na majembe, vijana wa msikitini wakaja na ndoo za maji. Tukamkuta Mchungaji ananing'inia kwenye kamba, kanzu imemkaa upande, redio ndogo iko juu ya ngazi inaongea peke yake.

"Nini kinaungua?" watu wakauliza.

"Hakuna kinachoungua! Bunge limepitisha! Lugha ya sheria ni Kiswahili! Mahakama itasema Kiswahili!"

Watu wakateremsha majembe. Mzee Kaniki, ambaye alikuwa amekimbia kupanda kilima kwa miguu yake mibovu, alishika kiuno akapumua.

"Mchungaji," alisema, "ungeweza kutuua." Kisha akaishika ile kamba naye akapiga.

Wale vijana wa ndoo walimwagiana maji. Kwaya ikajipanga bila kuitwa. Mama Elieza alifika mwisho kwa kuwa Malindi ni mbali, akakuta watu bado wanacheza uwanjani, akaelezwa. Hakucheza. Alimwomba Mchungaji amweleze tena, taratibu, kisha akasema anataka kwenda kusikia. Na alikwenda. Mahakama ilipokuwa inasoma hukumu ya watu asiowajua kabisa, yeye alipanda basi akaenda kukaa benchi la nyuma, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Aliporudi tulimuuliza ilikuwaje.

"Nimeelewa yote," alisema. "Hata yaliyoniudhi nimeyaelewa."

Mchungaji alinung'unika baadaye kwamba Kiswahili chenyewe cha hukumu kimejaa mafundo, sentensi ndefu kama barabara ya Mombo. Lakini alikuwa ananung'unika huku anatabasamu.

Alistaafu akahamia Malindi. Nilimwona mara ya mwisho mwaka huu, nilipokwenda kumsalimia nikaambiwa yuko kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nilimkuta ameketi kwenye nyasi kati ya wanakijiji wengine, mzee sasa, blanketi mabegani. Nikakaa kando yake. Mtendaji wa kijiji alikuwa anasoma sheria ndogo za mfereji wa maji, zilizopendekezwa zipitishwe. Alipofika pale paliposema kamati ya maji itachaguliwa na wakuu wa kaya, mwanamke mmoja kijana, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kifungu hicho mimi sikikubali. Mume wangu yuko Tanga kikazi. Anayelima ni mimi, anayefungua maji alfajiri ni mimi. Mkiandika mkuu wa kaya, mtamngoja yeye aje apige kura. Andikeni mtumiaji wa maji."

Mwanamume mmoja akapinga, kwamba nyumba ina mwenyewe. Mwingine akamwuliza kama mwenyewe ndiye anayekanyaga tope. Wakabishana neno kwa neno, wazee kwa vijana, na kila aliyesimama alianza kwa kurudia kifungu kabla ya kukishambulia. Nilimtazama Mchungaji nikidhani atainuka. Hakuinuka. Aliinamisha kichwa anasikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Mwenyekiti alipowataka wanaokubali mabadiliko wanyooshe mikono, mkono wake ulipanda pamoja na mingine, mingi mno, na kifungu kikabadilishwa hapo hapo.

Watu walipotawanyika yule mwanamke alitupita, akasimama kutoa heshima kama anavyomsalimia mzee yeyote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Umesema vizuri leo. Wewe ni wa hapa?"

"Nimeolewa hapa, babu. Kwetu ni Zirai." Akalitazama lile blanketi, akamtazama usoni. Hakumfahamu kabisa. "Na wewe ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa mchungaji. Na nilitunga mashairi kidogo."

"Mashairi ya nini?"

"Ya mambo kama haya. Ya sheria, ya watu kuelewa na kusema."

Mwanamke akamweka mtoto sawa mgongoni. Alitabasamu kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumkosea mzee.

"Lakini babu, haya si mambo ya kawaida tu?"

Akaaga, akaenda zake kufungua maji. Mchungaji alinishika mkono nimsaidie kuinuka, na alikuwa anacheka, anacheka mpaka blanketi linaanguka, mpaka watu wanageuka kutuangalia.

"Umemsikia, Mwalimu?" akawa ananiuliza njia nzima ya kwenda nyumbani, ameshika bega langu. "Umemsikia? Ya kawaida!"